Pumzi ya Samaki

Asubuhi ya arobaini ya mumewe, Mwatumu alikuta tangi la samaki linang'aa. Wifi yake, Riziki, alikuwa ameng'oa majani yote na kuweka maua ya plastiki.

"Nimekutolea yale magugu, wifi. Wageni wanakuja."

Mwatumu aliinamia tangi. Samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakitweta kama alivyotweta marehemu mwishoni, akisema, "Majani haya ndiyo pumzi yao. Yatunze, mke wangu."

Alikimbilia pipa la taka. Chini ya maganda ya vitunguu vya pilau alipata kitawi kimoja, bado kibichi. Akakisuuza, akakipanda.

Wageni walipopiga hodi, alikuwa bado amepiga magoti mbele ya tangi, akingoja kiputo kimoja cha hewa kiibuke kutoka kwenye jani.