Muda wa Mahabusu Uhesabiwe

Fundi wa kufuli alikuwa amemwomba mkewe jambo moja tu: siku ya hukumu asikanyage mahakamani. Mama mzazi wa fundi aje, majirani waje, hata maadui waje, lakini yeye abaki nyumbani.

Kosa alishalikiri. Alichonga ufunguo wa ghala la mteja, mkono ukamwasha, akautumia. Akakaa mahabusu mwaka na nusu, kesi ikipigwa danadana: leo shahidi anaumwa, kesho jalada halionekani. Sasa roho yake yote ilikuwa kwenye jambo moja. Muda huo ukihesabiwa, anakwenda nyumbani leo. Usipohesabiwa, kifungo kinaanza upya.

"Tabia yake huko ndani ikoje?" hakimu akauliza.

Bwana jela, mtu mwenye tumbo la heshima na rundo la funguo kiunoni, akasimama. "Nzuri, mheshimiwa. Kufuli zetu mbovu zote katutengenezea yeye, bila kinyongo. Na hesabu ya asubuhi hajawahi kukosa."

Fundi aliinamisha macho kama bwana harusi.

Hakimu akaandika, akafuta, akaandika tena. "Kifungo mwaka mmoja na nusu. Muda wote uliokaa mahabusu unahesabiwa. Nenda nyumbani, na hiyo mikono uitie kufuli."

Watu wakacheka. Mama wa fundi, aliyesafiri kutoka mbali, alilia kwa furaha hadi kilemba kikamlegea. Askari akafungua mlango wa kizimba.

Hapo ndipo mkewe alipoingia. Uvumilivu ulikuwa umemshinda. Alikuja mbio mbio, kitoto cha mwezi mmoja kifuani.

Kicheko kikakatika. Karani alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akavificha chini ya meza. Hakimu akajifanya anatafuta kalamu.

"Mwizi naye kaibiwa," mtu wa nyuma akanong'ona.

"Pole mwanangu," mama akasema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Mtoto huyo si damu yetu. Na huyo mwanamke wako hana haya, kamleta mpaka hapa."

Mtaani walikuwa wamemsema mke huyo miezi yote hiyo, naye akimeza tu. Alimtazama mumewe mara moja, machozi yakimlengalenga, kisha akamfunika mtoto vizuri.

Fundi aliutazama mlango ulio wazi. Akamtazama mkewe. Alimpenda mwanamke yule kupita kiasi. Akaurudisha mlango taratibu, yeye akiwa ndani, akasimama wima.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba uhesabu mchana tu. Usiku nilikuwa nalala kwangu."