Namba Mgongoni

"Msimu huu weka tisa," alisema mke wa fundi cherehani, akiitandaza jezi yake mezani. "Twiga anayeivaa atatuletea kombe la mpira wa kikapu. Na atakuwa mfungaji bora wa ligi nzima."

Fundi aliacha kukanyaga pedali. Kila mwaka kabla ya ligi kuanza mkewe alitabiri nyota wa timu yao, na namba ya nyota huyo ndiyo iliyokaa mgongoni mwa jezi. Miaka yote alimchagua mwenye nne, namba aliyoivaa fundi enzi zake za kucheza.

"Huyo Twiga ataumia goti mapema tu," alisema fundi.

"Una wivu, baba watoto. Mtu mwenyewe hata hanijui."

"Wivu wa nini? Na mimi nimetabiri."

Aliifumua nne polepole, uzi kwa uzi. Jezi ilikuwa imepauka, lakini chini ya namba ile kitambaa kilibaki chekundu kama kipya. Nne bado ilisomeka.

Akaiwekea tisa juu, akachukua sindano.

"Mbona leo huombi kabla ya kushona?" mkewe aliuliza. "Omba. Na goti la Twiga uliombee."

Fundi alifumba macho. Midomo ikawa mizito.

"Kwa sauti," alisema mkewe. "Nisikie."