Kanda Ambayo Haikusafishwa

Kwa miaka kumi na mmoja fundi alimfuta mama yake, na kusifiwa alisifiwa.

Kazi yake ilikuwa kusafisha kanda za jumba la opera kabla hazijaenda redioni. Mama yake alikuwa mnong'onezaji wa jumba hilohilo: aliketi ndani ya kishimo mbele ya jukwaa, mgongo kwa watazamaji, akiwatangulizia waimbaji maneno kwa mnong'ono kabla ya zamu yao. Watazamaji hawakumsikia. Maikrofoni ya ukingoni ilimsikia vizuri mno. Basi kila kanda ilipofika mezani, fundi aliihamishia kwenye kompyuta, akausaka mnong'ono mmoja mmoja na kuufuta. Kanda yenyewe ilitupwa, maana rafu zilikuwa zimejaa. Nyumbani walilifanya utani. Mama akimenya viazi alikuwa akimuuliza amemfuta mara ngapi leo.

Sasa mama alikuwa na miezi mitatu kaburini, na fundi, anayeshughulika na sauti za watu kutwa kucha, hakuwa na hata neno moja la mama yake. Kwenye simu alikuwa na picha tu. Sauti ilikuwa imeanza kumtoka kichwani, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko msiba wenyewe.

Alimwendea mtunza stoo, mzee aliyeanza kazi pale kabla fundi hajazaliwa, akamwomba amtafutie kanda yoyote iliyosahaulika. Mzee alijikuna kidevu kwa muda mrefu. Kisha akapotelea nyuma ya rafu ya mwisho na kurudi na boksi lililojaa vumbi.

"Hii haikupita mezani kwako, binti," alisema. "Mama yako aliniomba niichome moto. Nikamwitikia, lakini mkono ukagoma. Ni ya Parapanda, onyesho lake la mwisho."

Fundi alihisi uso unamwaka. Alijua kwa nini mama alitaka ichomwe.

Parapanda ndilo jina alilopewa mwimbaji yule wa soprano na waliomchukia. Waliompenda walimwita Malkia, na kulikuwa na ndugu walionuniana kwa ajili yake. Sauti ile ama ilikupasua moyo, ama ilikupasua masikio. Fundi alikuwa wa masikio. Tangu utotoni alimwona mama akirudi kutoka maonyesho ya Parapanda macho mekundu. Siku alizokwenda naye kazini, mama alimkaza mkono wakikipita chumba cha kuvalia cha mwanamke yule, naye Parapanda alisimama mlangoni akimkodolea mtoto macho. Mtoto akakata shauri moyoni kwamba huyu anamtesa mama yangu.

Alipofikisha miaka ishirini, mama alimpatia kiti cha safu ya kwanza. Parapanda alipopiga magoti kwa wimbo wa mwisho, binti alisimama, akatia vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi. Nusu ya jumba ikadakia. Parapanda alibaki ameinama pale chini karibu dakika nzima, okestra ikimsubiri. Kisha akaimba mpaka mwisho, na hakupanda tena jukwaani hadi alipofariki. Magazeti yalibishana mwezi mzima kuhusu kimya kile. Haya yalisema ni dharau, yale yalisema ni sanaa.

Mama hakumgombeza. Alimpakulia chakula, akakaa akimtazama mpaka akamaliza.

Kwa hiyo alitaka kunifichia aibu yangu, fundi aliwaza, na machozi yakamtoka kabla hata hajaiwasha mashine.

Aliipachika kanda kwenye mashine, akavaa spika za masikioni, akaziba ufa wa mlango kwa koti lake. Mnong'ono ukaja, ukimtangulia Parapanda mstari kwa mstari. Lakini mnong'ono hauna sauti, ni pumzi tu iliyobeba maneno, na huo ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Alisikiliza saa nzima. Mama alikuwa mle ndani, na hakuwemo. Fundi alilia kwa uchungu wa mtu aliyefika mlangoni akakuta umefungwa.

"Neno moja tu, mama," aliiambia mashine. "Sitaki zaidi."

Ukafika mluzi wake, mkali kuliko alivyoukumbuka. Zikafuata kelele za kuzomea. Halafu kikaja kile kimya cha magazetini, na kumbe hakikuwa kimya.

"Ingia wimboni," mnong'ono ulihimiza. "Ingia. Wahuni tu hao."

"Si wahuni." Parapanda alikuwa amekiinamia kishimo, na ile sauti iliyokuwa ikitingisha paa sasa ilikuwa imekauka. "Ni yeye. Nimemwona. Amesimama pale mbele ananizomea."

Kisha mama, ambaye katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kupaza sauti mle ndani, akasahau kunong'ona, na sauti yake yenyewe, nzito na ya upole, ikajaa masikioni mwa fundi.

"Ulinipa nimlee, nimemlea. Hajui kwamba ni wewe uliyemzaa. Imba."