Kura ya Marehemu Fulgensi

Siku hizi hata marehemu wanamchagua rais na makamu wake. Kila nyumba iliyofiwa hupewa kisanduku chenye sauti ya aliyekwenda, nacho ndicho kinachopiga kura kwa niaba yake.

Asubuhi ya uchaguzi kisanduku cha mume wangu Fulgensi kikasema, "Mke wangu mpenzi, kura yangu nampa rais wetu yule yule, na makamu wake."

Nikaguna. Fulgensi aliapa kwamba yule bwana hafai hata kuachiwa mbuzi. Na mimi aliniita Mama Zita mpaka anakata roho; huyo mpenzi katoka wapi? Nikasema kisanduku nakirudisha kwa tume.

"Mama, usikirudishe," binti yangu Zita akaniomba. "Nitamsikia wapi tena baba?"

Alipopita dada wa tume ya uchaguzi, nikamweleza wazi: "Mimi nikifa, msinitengenezee kisanduku. Sauti yangu siitoi."

Akacheka. "Mama, yako tunayo zamani. Jioni zote ulizokuwa unazungumza na mzee kwenye kisanduku, ulidhani nani anasikiliza?"

Tangu siku hiyo rozari naisali kimoyomoyo. Kisanduku kinaniuliza, "Mke wangu, mbona kimya?"