Ngiri, Mkaguzi wa Nyimbo

Apa kwanza hutamwambia mtu, shoga yangu. Mimi pia niliapa. Basi sogea nikupe.

Mtawala Fisi alitafuna ngozi ya ngoma ya kijiji. Chiriku akatunga wimbo kuhusu jambo hilo, akatiwa tunduni, na atakayeuimba angemfuata humo. Ngiri, mkaguzi wa nyimbo, akajifunza kila neno ili awanase waimbaji.

Korongo wakaja kutoka nchi za mbali. "Bwana Fisi, kutunga si kuiba. Mfungue mwenzetu."

Fisi akacheka. "Wimbo wenyewe nani anaujua? Ngiri, umemsikia yeyote?"

Ngiri alikuwa amesinzia palepale barazani, mkia wima ukifuata mdundo: "Fisi kala ngoma, katuachia mlio!"

Wote wakamgeukia. Chiriku akajibana pembeni mwa tundu.

"Karibu, kaka Ngiri. Nafasi ipo."