Boram wa Dawati la Mbele

"Vizuri sana, Boram! Umeweza mwenyewe!" Yerin akasema, akiupigia upepo makofi.

Mzee mwenye fungu la vitunguu majani aliyekuwa akingoja basi pale kituoni akasogea kando, kisha akasogea tena. Yerin hakuwa na nguvu hata za kuona haya. Alikuwa ameshabadilisha basi mara mbili tangu mji wa Wonju, na kifungua kinywa chake kilikuwa kipande cha wali uliofungwa kwa mwani, baridi kama theluji ya barabarani.

Simu ikalia. Alikuwa Gyuri, mwenzake wa kundi la kujisomea.

"Bado unamfundisha Boram, dada? Huyo mtoto hamalizi shule?"

"Ananisaidia. Watahini wanampenda."

"Wangempenda, ungefaulu."

Yerin akacheka kwa sababu kulia kungemchosha zaidi.

Boram alikuwa mtoto wa kubuni. Ndivyo mtihani wa ualimu ulivyo: unaingizwa kwenye chumba kitupu, watahini wamekaa nyuma na nyuso zao kavu, nawe unafundisha viti. Huruhusiwi kutaja jina lako wala kuwasemesha. Siku hizi na tekinolojia nayo imo, kwa mtindo uleule. Unawasha ubao wa kielektroniki ambao haupo, unagawa vishikwambi vya hewa, kisha unamsifu mtoto asiyezaliwa kwa kubonyeza mahali sahihi. Yerin alikuwa bingwa wa mambo hayo. Hata hivyo mtihani ulikuwa umemwangusha mara tatu, na mama yake, mwenye duka la kuku wa kukaanga, alishamwambia kuwa aproni yake iko tayari msumarini.

Safari hii haukuwa ule mtihani mkubwa. Shule moja ndogo ya milimani ilitafuta mwalimu wa muda, wa kushika nafasi ya mwenzake aliyekwenda kujifungua. Hata ingekuwa kazi ya mwezi mmoja, Yerin angeipokea kwa mikono miwili.

Mwalimu mkuu alimlaki langoni kwa jina lake la ukoo, sepetu ya theluji mkononi.

"Ingia tu, Mwalimu Pyo. Wanakungoja tangu asubuhi. Wape somo la vishikwambi, kama tulivyosema kwenye simu."

"Wewe huji kutazama, Mkuu?"

"Nani atazoa theluji hii? Nitawauliza wao baadaye. Ukiwapendeza hao, kazi ni yako. Ukiwachosha, mwanangu, mimi sina la kufanya."

Shule ilikuwa kimya. Yerin akadhani watoto wamepelekwa ukumbini wasije wakasumbua.

Darasani, madawati madogo ya mbele yalikuwa matupu. Nyuma kabisa, karibu na jiko la kupashia joto, walikaa wanawake watatu wazee, wamevaa makoti yao ya kutokea, nywele zimetiwa mawimbi ya saluni moja. Walimu wakuu wastaafu, Yerin akajiambia. Hao ndio wabaya zaidi. Kila mmoja alikuwa na kishikwambi mbele yake, bila shaka cha kuingizia alama. Alipoingia, wote watatu wakasimama na kumwinamia. Heshima hiyo ilimtia hofu zaidi.

Ukutani palikuwa na ubao wa kielektroniki wa kweli. Hakuugusa. Katika miaka yote ya kujiandaa hakuwahi kuugusa ubao wa namna ile, na leo haikuwa siku ya kuumbuka. Akawasha wa hewani, aliouzoea.

Akagawa vishikwambi dawati kwa dawati, mikono mitupu. "Bonyezeni kitufe cha pembeni, wapenzi wangu. Taa imewaka?" Akatega sikio, akatikisa kichwa kwa furaha. "Boram, chako kimegoma? Usilie. Tubonyeze pamoja." Akapiga goti kando ya kiti kitupu, akaushika mkono usiokuwepo.

Kule nyuma mmoja akamnong'oneza jirani yake. Jirani akapandisha mabega. Wa tatu akachonga penseli mpya, lakini hakuandika kitu. Yerin akajiuliza: Hata alama moja hawampi?

Kisha yule wa katikati akainua mkono juu. Muda unakwisha, Yerin akajua, akaongeza kasi. Mkono ule ulibaki juu, mwishowe ukashuka.

Hakuwahi kufundisha vizuri kama siku ile. Wala hakuwahi kuchoka namna ile, mpaka mifupani. Alikuwa amechoka kuvisifu viti. Alipofika mwisho alimpigia Boram makofi, akaukabili ukuta wa nyuma bila kumtazama yeyote machoni, kama kanuni inavyotaka, akainama.

"Somo langu linaishia hapa."

Nyuso tatu zilimkodolea, na jiko likavuma. Yerin akaiona akilini ile aproni msumarini. Akaanza kukusanya mkoba wake.

Yule wa katikati akainuka taratibu, akishikilia meza. Alivitazama viti vya mbele, kimoja baada ya kingine, kisha akamtazama Yerin kwa huruma.

"Mwalimu, samahani," akasema, akikiinua kishikwambi chake. "Hao watoto unaowaona wewe, macho yetu ya uzee hayawapati. Lakini kama umeshamaliza nao, sisi wanafunzi wa darasa la kwanza tuko huku nyuma. Hili dude linawashiwa wapi?"