Mafuta ya Chini ya Mimbari

Mama Bupe alipiga magoti chini ya mimbari, akachovya kidole kwenye mafuta yaliyotanda sakafuni, akanusa, akafumba macho kama mtu aliyeonja asali. Kisha akachomoa kichupa cha dawa ya kikohozi kutoka kwenye sidiria, akaanza kuchota kwa kifuniko.

Nyuma yake watu arobaini walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kichupa chake.

Mchungaji Jailos alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alijua yanatoka wapi. Nyuma ya madhabahu kulikuwa na chumba kidogo alimolaza pikipiki yake, maana pale Soweto, Mbeya, pikipiki ikilala nje, asubuhi unakuta imehama mji. Ilikuwa ya Kiingereza, ya mwaka sitini na nane, urithi kutoka kwa marehemu baba yake, aliyeiendesha Iringa nzima bila kofia wala leseni. Wazungu walioitengeneza waliiwekea kamrija kembamba ka kuidondoshea cheni oili yenyewe, mwenye pikipiki asihangaike. Enzi hizo labda kalidondosha kwa adabu. Sasa kalikuwa kanajikojolea tu, safari iwepo isiwepo. Oili ilifuata mteremko wa sakafu, ikapita chini ya pazia, ikaja kutulia miguuni pa mimbari.

Jumapili ya kwanza alipoiona, alikimbilia dekio. Aliporudi nalo, watu walikuwa wameshapiga magoti.

Tangu siku hiyo kanisa lililokuwa na waumini kumi na tisa, wanne wakiwa watoto wake mwenyewe, lilijaa hadi watu wakakalia madirisha. Na shuhuda nazo zikamiminika.

"Mguu ulikuwa umekaza mwaka mzima!" Mama Bupe alitangaza, kichupa juu. "Nimezunguka kwa wataalamu watatu, wote wamekula hela yangu! Nikaweka matone matatu tu. Leo unakanyagika wenyewe!"

"Wangu ulikuwa unalia kila ukiguswa," akadakia mzee Yakobo, jirani yake. "Sasa kimya kabisa!"

Vigelegele vikapasua bati. Mchungaji akayatazama magoti ya mzee Yakobo, akayawazia yakiwa yamepakwa oili chafu ya injini. Itakuwaje mmoja wao akianza kuinywa? Itakuwaje mwingine akiacha vidonge vya presha?

Jumatano akaisukuma pikipiki hadi kwa fundi Shamsudin. Shamsudin, mtu wa swala tano, aliusikiliza mkasa wote bila hata kutabasamu, kisha akaomba udhuru, akaenda nyuma ya gereji kucheka.

"Kwa hiyo unataka nikuzibie muujiza," alisema aliporudi, akijifuta macho.

"Ziba, kaka."

"Wenzako wanautafuta kwa kufunga siku arobaini. Wako unavuja bure."

"Shamsudin, ziba."

Fundi akang'oa kale kamrija, akakaza bolti fupi yenye washa ya shaba kwenye tundu lake pale kwenye tangi la oili, akapaka gundi ya gasketi kuzunguka kichwa cha bolti. Akasubiri robo saa huku akiikodolea macho. Halikutoka hata tone. Ndipo akamkabidhi mchungaji brashi kuukuu.

"Cheni utaipaka kwa mkono kila Jumamosi. Ukisahau itakukatikia mlimani, na mimi miujiza sifanyi. Kazi yangu kuiziba."

Jumapili sakafu ilikuwa kavu kama kigae. Watu waliingia na vichupa vyao. Jamaa mmoja aliyesikia habari kwa mbali alikuja na dumu la lita tano. Wakaitazama sakafu. Wakatazamana.

Jailos alipanda mimbarini. Mkewe, Eveline, aliyekaa kiti cha mbele, alimtikisia kichwa taratibu: usiseme. Kwa miezi miwili alikuwa amezoea kuitwa mama wa kanisa kubwa. Lakini Jailos alishaamua. Alijua Jumapili ijayo atawahubiria watu kumi na tisa, tena akibahatika, kwa maana hata watoto wake walikuwa wameanza kumwangalia kwa mashaka.

"Ndugu zangu," alisema, "yale hayakuwa mafuta ya upako. Ilikuwa oili. Ya pikipiki yangu, ile iliyoko nyuma ya pazia hilo. Ilivuja, ninyi mkashangilia, na mimi nikanyamaza kwa sababu niliona viti vinajaa. Nimewadanganya kwa ukimya wangu. Jumatano nimeiziba. Naomba mnisamehe. Na wote mlioacha matibabu, nawasihi, kesho asubuhi nendeni hospitali."

Akainamisha kichwa, akasubiri mlio wa viti vikisukumwa nyuma.

Hakuna aliyetoka. Kanisa zima lilimgeukia Mama Bupe, na Mama Bupe akasimama polepole, akajifunga khanga vizuri, akakohoa.

"Baba mchungaji," alisema kwa upole, kama anayemsemesha mtu aliyefiwa, "oili tunaijua harufu yake, tulidhani ndiyo huduma yako kwa majirani. Sasa huo mguu wa cherehani yangu, na mlango wa mzee Yakobo, tukavilaze wodi gani?"